Gari la makumbusho lisilowashwa miaka hamsini: bado ni gari?

#1 Mtazamaji
Wakuu, salaam. Juzi nilipita Mulhouse, Ufaransa, kwenye jumba la Cité de l'Automobile. Magari zaidi ya 400, na zaidi ya 100 kati yake ni Bugatti. Nimetembea mpaka miguu ikaomba poo. Yamepangwa safu kwa safu chini ya nguzo za taa zilizoigwa kutoka daraja la Pont Alexandre III la Paris, bodi zote zinang'aa utafikiri zimepigwa rangi asubuhi ile.

Lakini nilipofika katikati ya ukumbi nikaanza kuhisi niko makaburini. Hakuna harufu ya petroli, hakuna tone la oili sakafuni, hakuna kinachonguruma. Hoja yangu ni hii, na mnipige mawe mkitaka: gari liliundwa litembee. Jumba linalolichukua likamwaga petroli, likachomoa betri na kuliweka nyuma ya kamba halijahifadhi gari, limehifadhi bati. Kwa nini hawayawashi? Wanaogopa nini?

#2 Hendeli
Hata mimi nikifika umri huo naomba msiniwashe.

#3 Fundi Sili
Mkuu Mtazamaji, sisi watu wa spana tunagombana juu ya hili kila siku. Injini iliyolala haiko salama, hilo ni kweli. Sili hukauka na kupasuka. Petroli iliyobaki ndani ya kabureta inageuka gundi na kuziba vitundu. Maji ya rejeta yasiyobadilishwa hula chuma kimyakimya. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo hata gari lisipogusa barabara, silinda za breki zinaota kutu kwa ndani. Pete za pistoni nazo hushikana na ukuta wa silinda. Unakuja kuzungusha baada ya miaka ishirini, imekamata.

Kwa hiyo niko upande wako. Litembezwe, hata mara chache kwa mwaka, ila lipate moto kamili.

#4 Kumbukumbu
Fundi Sili, umetaja magonjwa yote halafu dawa umetaja moja. Nimefanya kazi ya kuhifadhi vyombo vya zamani, na mengi ya hayo yanatibika bila kuwasha chochote. Unamwaga petroli yote, unaondoa maji, injini unaipaka mafuta ya kuhifadhia kwa ndani, unatoa plagi na kuizungusha kwa mkono mara kwa mara ili pete zisishikane. Gari linakaa juu ya stendi ili tairi zisipate bapa na springi zipumzike. Unyevu wa chumba unaushikilia karibu na asilimia 50 usipande na kushuka, na mwanga unaopiga viti vya ngozi na vitambaa usizidi lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga). Ndiyo maana kumbi nyingi zina giza, si kwamba wanabana umeme.

Sasa njoo kwenye kuwasha. Sekunde za kwanza, kabla oili haijapanda, chuma kinasuguana na chuma. Beringi za zamani nyingi zilimiminwa kwa madini laini meupe. Zikiisha unamimina nyingine, na hapo umefuta ushahidi: fundi wa 1905 alichanganya nini, alichonga vipi, aliacha alama gani ya tupa. Gari la namna ile ni hati. Nani anachukua hati ya pekee akaitumia kila Jumapili?

Na tafadhali, ile tabia ya kuwasha dakika tano wageni wafurahi kisha kuzima ndiyo mbaya kuliko zote. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Injini isipopata moto wa kutosha, mvuke unabaki kwenye bomba la moshi na kwenye oili. Bora usiwashe kabisa.

#5 Fundi Sili
Ndiyo nikasema LIPATE MOTO KAMILI. Soma post, dada.

#6 ChasiNamba
Mnazunguka mbuyu. Ni pesa. Mwaka 2022 Mercedes-Benz waliuza moja ya 300 SLR Uhlenhaut Coupé kwa euro milioni 135. Ziliundwa mbili tu. Gari likishafika bei hiyo, kila nati yake ya asili ina thamani, na kila kilomita ni hatari. Mkurugenzi gani atakubali jina lake liandikwe kwenye ripoti kwamba alichubua bampa kwa ajili ya kuwafurahisha watoto wa shule? Mambo ya lux na unyevu ni lugha ya heshima ya kusema tunaogopa hasara.

#7 Kumbukumbu
ChasiNamba, mfano wako unakugeuka. Gari lile lilitoka kwenye mkusanyo wa kampuni yenyewe, na mnada ulifanyika ndani ya makumbusho yao ya Stuttgart. Pesa ikaenda kwenye mfuko wa kusomesha vijana. Pacha wake wamebaki naye wenyewe. Kama ni woga wa hasara tu, mbona walikubali kuachia moja?

#8 ChasiNamba
Kwa milioni 135 hata mimi naachia moja.

#9 Mpita Njia
Mmesahau moto. Ukiwasha lazima uwe na petroli kwenye tangi, na petroli ndani ya jengo lililojaa ngozi, mbao na rangi ya zamani ni kiberiti. Makumbusho ya pikipiki ya taifa ya Uingereza iliungua 2003, mamia ya pikipiki zikageuka majivu. Bima wakishaona kitu kama hicho, wao ndio wanaamua kama gari linawashwa au la, si mkurugenzi wala fundi.

#10 Tairi Jeupe
Mpita Njia, moto ule wa 2003 ulitokana na sigara iliyotupwa, si na pikipiki iliyowashwa. Tusiisingizie injini.

Na gari lililoegeshwa halina usalama zaidi ya linalotembea. Februari 2014 sakafu ya makumbusho ya Corvette pale Bowling Green, Kentucky, ilizama ghafla kwa sababu ya pango chini ya jengo. Magari manane yalimezwa, yote yamepaki, yote yamezimwa, yametii masharti ya dada Kumbukumbu neno kwa neno. Moja wanaliita Blue Devil, la 2009. Lilipotolewa shimoni waliliwasha, likawaka, likasogea lenyewe.

#11 Hendeli
Yaani gari lilisubiri lidumbukie shimoni ndiyo lipate nafasi ya kuwashwa. Hao ndio wahifadhi.

#12 Kumbukumbu
Hendeli, haya. Ila kumbuka mwisho wake: matatu ndiyo yalitengenezwa, mengine wakaamua kuyaonyesha vilevile yalivyopondeka. Watu wanapanga foleni kuona bati lililokunjamana. Kwa hiyo hata bati lina cha kusema, mkuu Mtazamaji.

#13 Bi Klachi
Habari zenu. Mimi nina sababu ambayo hamjaigusa: nani ataendesha?

Chukua Ford Model T. Ziliundwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, kwa hiyo ni gari lililokuwa la watu wa kawaida kabisa. Mpe dereva wa leo aliyeendesha miaka thelathini, atagonga ukuta. Kuna pedali tatu, lakini ya kulia ni breki, ya katikati ni rivasi, na ya kushoto ndiyo gia: ukikanyaga mpaka chini uko gia ndogo, ukiachia kabisa uko gia kubwa, ukiishikilia katikati uko huru. Ekseleta hakuna mguuni, ni kijiti chini ya usukani upande wa kulia. Cha kushoto ni cha kuwahisha au kuchelewesha moto wa plagi. Ukikisahau kikiwa kimewahishwa halafu ukaenda mbele kupiga hendeli, injini inarudisha teke. Watu walivunjika mikono kweli. Cadillac walipoleta stata ya umeme kwenye magari yao ya 1912, hicho ndicho kilichouza.

Na petroli ilishuka kwa uzito wake yenyewe, hakuna pampu. Mlima mkali ukiwa na mafuta kidogo, unapanda kwa rivasi ili tangi likae juu ya injini.

Maarifa haya yanaishi mikononi mwa wachache wenye umri. Gari lisipowashwa kizazi kimoja tu, yanazikwa nao. Kwa hiyo nakazia hoja ya Mtazamaji, ila kwa sababu nyingine: tunachohifadhi ni kuendesha, chuma baadaye.

#14 Dizeli Kijana
Post ya 13 imenimaliza. Kupanda mlima kinyumenyume! Na zote zilikuwa nyeusi, sivyo?

#15 Tairi Jeupe
Siyo zote. Za mwanzo zilitoka nyekundu, kijani, bluu, kijivu. Nyeusi peke yake ilianza 1914 mpaka karibu 1925, kisha rangi zikarudi. Ukiona jumba limepaka Model T ya 1910 nyeusi tii, wamefuata hadithi.

#16 Dizeli Kijana
Kwa nini nyeusi? Inakauka haraka?

#17 Tairi Jeupe
Ndivyo inavyosimuliwa. Wengine wanasema ilikuwa rahisi tu na inadumu. Mimi nachukua la pili.

#18 Fundi Sili
Mimi la kwanza. Yeyote aliyewahi kusimama kiwandani akingoja rangi ikauke atanielewa.

#19 Rithi
Jamani, natoka kidogo kwenye mada, au labda naingia. Marehemu babu ameacha gari la miaka ya sitini, siku zote lilikaa bandani. Familia imegawanyika. Baba mdogo anataka tulipige rangi na tulitembeze kwenye harusi. Shangazi anasema lisiguswe, hata vumbi, kwa sababu ndivyo mzee alivyoliacha. Breki za nyuma zimeshika, panya wamekula kiti, lakini karatasi za huduma zote zimo kwenye kijisanduku, kwa mwandiko wake. Nimesoma uzi huu wote na sasa sijui nimsikilize nani.

#20 Bi Klachi
Pole kwa msiba, mwanangu. Karatasi zile kwanza ziweke pakavu, mbali na panya. Rangi iacheni.

#21 ChasiNamba
Rithi, rangi ya asili ukiikwangua hairudi. Shangazi yako ana akili kuliko watu wa minada wa miaka ya themanini. Zamani kila gari lilipigwa rangi upya mpaka likang'aa kuliko lilipotoka kiwandani. Siku hizi lililochakaa kihalali linawindwa. Makumbusho ya Simeone pale Philadelphia ina Cobra Daytona Coupe ya 1964 ambayo haikuwahi kufanyiwa ukarabati mkubwa, na ndilo gari la kwanza kuandikwa kwenye daftari la magari ya kihistoria la Marekani, 2014.

#22 Mtazamaji
ChasiNamba asante, umenipa silaha. Simeone haohao wana siku maalumu ambapo magari ya mbio hutolewa nje na kuendeshwa uwanjani nyuma ya jengo, watu wakiangalia. Kwa hiyo yasiyokarabatiwa NA yanayotembea yanakaa nyumba moja. Mnaosema haiwezekani mnajibu nini?

#23 Oili Chafu
Mtazamaji, unasifia Philadelphia wakati hukuangalia vizuri ulikotoka. Mulhouse nako wana kiwanja nje, wanakiita Autodrome, na baadhi ya magari huendeshwa pale mbele ya wageni. Ulienda siku gani?

#24 Mtazamaji
Siku ya mvua. Na baadhi si mia nne.

#25 Oili Chafu
Haya. Ila kuhusu Mulhouse kuna jambo tamu zaidi ya injini. Mkusanyo ule ni wa ndugu wawili, Hans na Fritz Schlumpf, wenye viwanda vya kusokota sufu. Walinunua magari kimyakimya miaka mingi na kuyaficha kiwandani. Mwaka 1977 biashara imeanguka, wafanyakazi wanadai haki yao, wakavunja mlango na kukuta kilichokuwa kikila mishahara yao. Ndugu wakawa wameshakimbilia Uswisi. Wafanyakazi wakalishika jumba na kuwafungulia watu waone. Ndipo likaja kufunguliwa rasmi kama makumbusho 1982.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini magari yale yamesimama, jibu langu ni kwamba yamesimama kwa sababu tangu mwanzo hayakununuliwa yatembee. Fritz alitaka kuwa nayo. Tabia ya mkusanyaji inabaki kwenye jumba hata akishaondoka.

#26 Kumbukumbu
Hiyo ni nzuri na siwezi kuipinga moja kwa moja. Ila yalipoingia mikononi mwa umma, umma ungeweza kuamua vingine.

#27 Dizeli Kijana
Pale si ndipo penye zile Bugatti Royale? Nasikia ziliundwa sita.

#28 ChasiNamba
Saba. Zilizobaki ni sita, ya majaribio iligongwa na Ettore Bugatti mwenyewe. Injini lita 12.7, silinda nane, na juu ya rejeta tembo aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kazi ya mdogo wake Rembrandt Bugatti. Ettore alipanga kuunda 25, ukaja mdororo wa uchumi, wateja wakanunua tatu tu. Injini zilizobaki zikafungwa kwenye mabehewa ya reli. Mulhouse wana Coupé Napoléon na ile iliyovalishwa bodi na Park Ward.

#29 Tairi Jeupe
Na wana ya tatu, ambayo ndiyo inayoharibu mjadala wenu wote wa uhalisi. Royale ya kwanza kuuzwa alinunua Armand Esders, mfanyabiashara wa nguo. Aliagiza bila taa za mbele kwa kuwa hakukusudia kuendesha usiku. Baadaye ilibadilishiwa bodi kabisa, ile ya Esders ikapotea. Mulhouse wakaja kuunda nakala yake, wakitumia spea za Bugatti walizokuwa nazo.

Sasa niambieni. Kuna chasi halisi yenye bodi nyingine mahali pengine, na kuna sura halisi juu ya chasi isiyo yake Mulhouse. Ipi ni gari la Esders?

#30 Hendeli
Lisilo na taa.

#31 Kumbukumbu
Nakala ni nakala, na kibao kikisema hivyo hakuna ubaya. Zingatieni tu kwamba nakala ndiyo inayofaa kuendeshwa! Benz ya magurudumu matatu, ile ya hataza ya Januari 1886, ya asili imetulia Deutsches Museum, Munich. Zinazonguruma kwenye maonyesho nyingi ni nakala. Watu wanasikia sauti, wananusa moshi, na cha asili hakipotezi hata chembe.

#32 Bi Klachi
Dada yangu, nakala inakufundisha nakala ilivyo. Bertha Benz mwaka 1888 alichukua gari la mumewe bila kumwambia, akaenda na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kama kilomita 100. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Mafuta yakamwishia, akanunua kwenye duka la dawa pale Wiesloch. Breki zikaisha, akatafuta mshona viatu azivalishe ngozi. Lingebaki karakana likifutwa vumbi, tusingejua kwamba breki za Benz zinahitaji ngozi. Kutembea ndiko kulikotoa habari.

#33 Kumbukumbu
Mwaka 1888 lilikuwa jipya, bi mkubwa.

#34 Mpita Njia
Kuna hili la umeme pia. La Jamais Contente, gari lenye umbo la risasi ambalo Camille Jenatzy alivuka nalo kilomita 100 kwa saa mwaka 1899, la kwanza duniani kufanya hivyo. Lilikuwa la betri. Liko kwenye makumbusho ya Compiègne. Hilo mnaliwasha vipi? Ukilitia betri za leo mwendo ni wa nani?

#35 Dizeli Kijana
Kumbe umeme ulitangulia! Na watu wanajisifu leo.

#36 Oili Chafu
Mvuke ulitangulia wote. Gari la Cugnot la 1770 lipo Paris, Musée des Arts et Métiers, lina boila la maji mbele kubwa kuliko dereva.

#37 Fundi Sili
Hilo ni trekta la kuvuta mizinga. Si gari.

#38 Oili Chafu
Lina magurudumu, usukani na linajisukuma. Kwako gari mpaka liwe na redio?

#39 Kumbukumbu
Turudi. Mifano miwili ya mwisho kwangu. Kwanza, Bugatti Brescia iliyolala chini ya ziwa Maggiore miaka mingi. Ilitolewa 2009, ikauzwa mnadani mwaka uliofuata, na mnunuzi akaionyesha hivyohivyo, imeliwa na maji, upande mmoja karibu haupo. Ukiikarabati unapata Brescia nyingine ya kawaida, na ziwa umelifuta. Pili, upande wenu: Napier-Railton ya Brooklands, kiwanja cha zamani cha mbio Uingereza, injini ya ndege ya lita 24, iliyoshika rekodi ya kiwanja kile 1935 chini ya John Cobb kwa maili 143.44 kwa saa. Hiyo inawashwa, na mimi mwenyewe sipingi, kwa sababu ina timu inayoijua na kumbukumbu ya kila kitu kinachobadilishwa. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, wana Mkataba wa Turin kwa ajili ya haya haya: kuhifadhi kwanza, ukarabati baadaye, na kila ulichofanya kiandikwe. Hawakatazi kuendesha. Kwa hiyo siamini sheria moja kwa magari yote ya ukumbi mmoja.

#40 ChasiNamba
Na timu hiyo inalipwa na nini? Pesa. Narudi post yangu ya 6.

#41 Mtazamaji
Kumbukumbu, karibu unishawishi, lakini bado. Ukumbi wenye magari mia nne ukiwasha kumi, mia tatu na tisini ni sanamu. Yagaweni kwa watu watakaoyatunza barabarani. London kwenda Brighton kila Novemba magari ya kabla ya 1905 yanatembea mvua ikinyesha, mengi ni ya watu binafsi, na hayajaisha.

#42 Mpita Njia
Yaliyoisha hayaji Brighton, mkuu. Ndiyo maana huyaoni.

#43 Rithi
Wakubwa, mmenisahau. Jana tumekubaliana tusipige rangi, shangazi ameshinda. Baba mdogo anataka tujaribu tu kama injini inawaka.

#44 Fundi Sili
MSIWASHE. Chomoa betri. Toeni plagi zote, tieni oili nyepesi kidogo kila silinda, muiache siku kadhaa. Kisha mzungushe kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele, taratibu. Ikigoma msilazimishe. Petroli ya zamani mwageni yote kabla ya lolote, na bomba la kabureta lifunguliwe. Breki msizisukume, zitafunguliwa kivyake baadaye.

#45 Rithi
Plagi tatu zimetoka. Ya nne imegoma kabisa.

#46 Fundi Sili
Kichwa cha injini ni chuma au alumini?

#47 Rithi
Alumini.

#48 Fundi Sili
Weka spana chini. Alumini inang'oka na nyuzi zake. Piga mafuta ya kupenya kuzunguka plagi leo jioni na kesho asubuhi, injini ikiwa baridi. Halafu legeza kidogo tu, rudisha kwa kukaza, kisha legeza, kaza, legeza. Na mwambie baba mdogo akae mbali na funguo.